Fisi Maji Aliyeangusha Samaki

Sogeeni mnisikilize, maana wanangu watatu wamenichosha na nataka watu wengine waniamulie.

Mghoi, mkubwa wao, ana masikio. Akiwa jikoni anajua nani anapita njiani kwa kusikia nyayo tu. Mwadime ana mikono: akipiga kafi, maji hayatoi sauti. Wakesho, kitinda mimba, anayajua matete ya Ziwa Jipe. Upepo huyahamisha, njia ya jana inajifunga, lakini yeye hapotei. Na kila mmoja anajiona yeye ndiye yeye.

Mimi macho yalikuwa yananiishia. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichopotea hakirudi. Kabla ya giza nilitaka kitu kimoja tu: kumwona fisi maji, yule mnyama wa ziwani mla samaki, akila. Marehemu baba yao alinionyesha mnyama huyo siku aliyonileta huku kuwa mke wake. Mnyama alikuwa ameshika samaki kwa mikono miwili, kama mtoto aliyepewa hindi la kuchoma.

Nikawaambia wanangu, "Atakayenionyesha, mtumbwi wa baba yenu ni wake." Kwetu mtumbwi haugawanywi, anapewa mtoto mmoja.

Basi asubuhi wakanipakia.

Wakesho alikaa mbele. Kila matete yalipoziba alinyoosha mkono, huku au kule, na njia ikapatikana. Bila yeye tungekuwa tunazunguka humo mpaka leo.

Mghoi alifumba macho akasikiliza. Viboko wanakoroma, ndege wanapiga kelele, yeye akasikia mifupa ya samaki ikitafunwa. Akamgonga Mwadime begani. Ndani ya matete sisi hatusemi, tunagongana mabega, kwa sababu fisi maji akisikia sauti ya mtu haonekani tena.

Mwadime akatupeleka. Sikujua kama tunakwenda au tumesimama. Akaupenyeza mtumbwi mpaka karibu kabisa, akaushikilia hapo na upepo unavuma.

Nikamwona. Kwanza kivuli, halafu sharubu, halafu samaki mikononi. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

"Nimemsikia mimi," Mghoi akanong'ona.

"Kumsikia ndiyo kumfikia?" Mwadime akajibu, na kafi likagonga ubavu wa mtumbwi.

"Na njia mliitoa wapi?" Wakesho akasema, akasimama kabisa, mtumbwi ukayumba.

Jamani, watu wazima hao, wana watoto wao nyumbani. Fisi maji akaangusha samaki, akazama.

Njia nzima ya kurudi waligombania mtumbwi, nami nimekaa humo humo ndani yake. Hakuna aliyeniuliza kama nilishiba kumtazama. Sikushiba. Tulirudi ziwani tena na tena, hatukumpata, na sasa hata nyinyi mliokaa hapa nawajua kwa sauti tu.

Kila asubuhi wananijia mlangoni, mmoja mmoja. "Mama, umeshaamua?" Mghoi anadai aliongea kidogo tu. Mwadime anasema kafi lilimteleza. Wakesho anasema hakuanza yeye. Nimechoka nao, na siwezi kukana kwamba nilionyeshwa.

Haya, semeni nyinyi. Ni nani kati yao aliyenionyesha fisi maji, na ni nani aliyeninyang'anya? Ungekuwa wewe ndiye mama yao, huo mtumbwi ungempa nani?