Afisa Kazi Alipouliza Siwema Ni Nani

Kama kwako kuna dada wa kazi, usiipite hii. Kaa chini, isome yote, kisha mtumie na yule jirani unayemjua wewe.

Tabora mjini aliishi mama mmoja, Kabula. Nyumba aliyokaa waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake Nyanzobe. Nyanzobe akafariki angali binti, hana mume wala mtoto, nyumba yote ikabaki kwa Kabula. Aliipenda nyumba ile kuliko macho yake.

Dada yake wa kazi aliitwa Siwema. Apike yeye, afue yeye, adeki yeye, Jumapili kama Jumatatu. Siku moja Siwema akajikaza.

"Mama, naomba mkataba. Na unichangie kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, nami nikatwe sehemu yangu. Uzee unakuja."

"We! Unakula kwangu, unalala kwangu, bado unataka na mfuko?"

Jamani, kuna watu ukiwatajia mkataba ni kama umewatukania wazazi.

Haikupita wiki, afisa kazi akaja mtaani, anakagua nyumba moja moja. Kabula alimkaribisha sebuleni, akampa na soda.

"Huyu dada umemwajiri?" afisa aliuliza.

"Nimwajiri, baba? Huyu damu yangu! Mtoto wa marehemu mdogo wangu Nyanzobe. Haki ya Mungu, mimi namlea tu."

Siwema alikuwa amesimama na sinia mkononi. Alimtazama Kabula. Afisa akaaga, Kabula akacheka peke yake jikoni. Mkataba kaukwepa, michango kaikwepa. Alidhani yamekwisha.

Mchana uleule alimkuta Siwema mlangoni, anakunywa chai kwa kuimimina kwenye kisosi, mguu mmoja kauegemeza ukutani. Nyanzobe ndiye aliyekunywa chai hivyo.

"Nani kakufundisha?"

"Si ndivyo ninavyokunywa siku zote?"

Kesho yake jirani wa miaka mingi akapita nje, akapunga mkono. "Nyanzobe, umeamkaje?" Kisha akajishika mdomo, akaondoka mbio, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Hakurudi kukichukua.

Siwema akaacha kudeki. Akawa anakaa barazani kwenye kiti cha marehemu baba yao, ametulia, anaitazama nyumba kama aliyetoka safari. Kabula akimtuma, anaitikia kwa upole na hainuki.

Kilichomvunja Kabula ni chumba cha Nyanzobe. Tangu mazishi kilikuwa na kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Adhuhuri moja alikikuta wazi. Madirisha yamefunguliwa, kitanda kimetandikwa, kanga mbichi imeanikwa dirishani. Akapapasa pindo lake. Ufunguo ulikuwepo, na fundo halijaguswa.

Mama wa watu alitoka peku hadi ofisini kwa afisa.

"Nilidanganya! Yule ni mfanyakazi wangu. Leta mkataba nisaini, michango nitalipa yote, hata ya nyuma. Faini pia niandikie. Njoo tu umuulize mwenyewe, nakuomba!"

Walimkuta barazani. Afisa akafungua mkoba wake.

"Dada, wewe umeajiriwa hapa?"

"Hapana."

"Basi ni kweli wewe ni mtoto wa Nyanzobe?"

"Nyanzobe hakuzaa."

Afisa akababaika. "Sasa wewe ni nani?"

Siwema akamgeukia Kabula, akatabasamu. Sauti iliyotoka haikuwa ya Siwema.

"Dada, mwambie basi. Si wewe uliyelitaja jina langu kwa kiapo, ukaniita nirudi kwenye nyumba ya baba yetu?"

Kisha akainuka, akaingia ndani, akaanza kufungua madirisha yote. Afisa alifunga mkoba, akaondoka bila kuaga. Kabula alibaki pale nje ya mlango, hajui aingie tu au apige hodi.

Funzo: Anayekufanyia kazi mwite mfanyakazi, mpe mkataba, mapumziko na michango yake. Ukimwita ndugu ili umdhulumu, jiandae kumpa haki ya ndugu.