Ubao wa Lusato

"Umeme ukirudi, ubao husema la kwanza." Mmeisikia methali hiyo leo kwa shangazi yenu, yule mchumba wake alipokuja kuomba radhi, akakanyagwa na mbuzi, akarudia tusi lile lile alilofukuziwa. Mnacheka, lakini kisa chenyewe hakichekeshi. Kilianzia kisiwani Ukerewe, kwa fundi redio mmoja aliyeitwa Lusato.

Lusato alikuwa na donge moyoni. Baba yao alipofariki, kaka yake Biseko aliuza ng'ombe wote, akahamia mjini. Hawakusemezana tena. Mama yao, Nyanjige, alibaki na ombi moja: kabla hajafa awaone wanawe wakila sahani moja.

Siku hizo Lusato alikuwa akiunda ubao wa taa. Alitoboa mbao nyembamba matundu safu kwa safu, kila tundu akalichomekea kitaa cha LED, akalehemu nyaya kwa nyuma mpaka mgongo wa ubao ukafanana na nywele za mtu aliyeamshwa na moto. Kompyuta kuukuu ndiyo iliyoamuru kitaa kipi kiwake, na maneno yakapita yakiandamana kama siafu. Uling'aa, nawaambia, hata majogoo wa ng'ambo ya ziwa wakawika jua likizama!

Kwa kujaribu, aliandika kilichomkaa moyoni: BISEKO AMEKULA URITHI WETU. Akayahifadhi ndani ya ubao wenyewe, yawake hata kompyuta ikizimika. Alijua yafaa kufutwa. Ila kila alipotaka kuyafuta aliyatazama kwanza yakipita, akaona utamu, akasema, "Kesho."

Mama akabembeleza huku na huku, Biseko akakubali kuja. Jioni hiyo kompyuta iliutuma ubao useme: KARIBU NYUMBANI KAKA. Biseko akasoma, akavua kofia, machozi yakamtoka.

"Mdogo wangu, umeunda hii kwa ajili yangu?"

"Kwa nani mwingine, kaka? Nawa, samaki anapoa."

Mama akatenga sahani moja. Mikono ikafika kwenye ugali, umeme ukakatika.

"Kuleni tu, mkono hausahau mdomo!" mama akatania. Wakacheka wote watatu.

Umeme ukarudi. Kompyuta ile nzee ilikuwa bado inajikongoja kuamka, ubao haukuingoja. Nyanjige, aliyejifunza kusoma uzeeni na hakuacha herufi impite, akasoma kwa fahari: "Bi-se-ko… a-me-ku-la…"

"Malizia, mama," Biseko akasema.

"Kaka, hayo ya zamani. Nilikuwa najaribu taa tu."

"Ya kunikaribisha uliyaweka kwenye kompyuta. Haya umeyaweka wapi?"

Biseko akarudisha tonge sahanini, akavaa kofia. Mama alibaki ameikumbatia sahani mpaka ugali ukakauka, ukapasuka.

Walipomzika mama, wanawe walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Matanga yalipoisha Lusato aliyafuta maneno yale, akakaa mbele ya ubao mtupu, asipate la kuandika.

Kwa hiyo shangazi yenu hakumfukuza yule bwana kwa ajili ya mbuzi. Umeme ukirudi, ubao husema la kwanza.