Kilio cha Sangamba

Hapo zamani, katika mji wa Kitopeni, aliinuka mwizi mmoja jina lake Sangamba. Alianza na kuku mmoja, tena kuku mwenyewe mgonjwa. Kisha akaiba tenga zima, kisha akamtisha mwenye kuku, na alipoona kuogopwa kuna shibe kuliko kuku, akakusanya majambazi arobaini, wakala kiapo kumtumikia mpaka kufa. Ikawa kila mwenye shamba sharti ampelekee fungu la mavuno, na asiyepeleka huamka akakuta mlango wake umeng'olewa. Ua wa Sangamba ukajaa milango, na mjini mbuzi wakawa wanaingia vyumbani bila hodi. Hata Jumbe, mkuu wa mji, mzee wa mvi, akawa anamwamkia yeye kwanza.

Katika mji ule alikaa Kondo, msuka makuti, fukara hohehahe. Huyu alikuwa mtani wa Sangamba, kwa kuwa babu zao walitaniana, na utani haufi. Alimdhihaki mbele za watu apendavyo, naye Sangamba humeza mate, maana mtani hapigwi.

Siku moja alizikwa mwalimu wa chuo, mji mzima ukalia. Sangamba akaona wivu, akamwita Kondo.

"Ewe Kondo, nataka nisikie kilio changu nikiwa hai. Mji mzima unililie, tena machozi ya kweli, si ya kitunguu wala ya pilipili. Wakilia, omba utakalo. Wasipolia, utani wetu umekwisha, na shingo yako pia."

Kondo akawaza. Nani angemlilia Sangamba? Wangeanza kuwalilia nzige! Lakini akainama, akasema, "Bwana wangu, kilio pasipo maiti ni kelele tu. Je, u radhi kufa kwa ada zote za kufa, tangu adhuhuri hata alasiri?"

"Ni radhi."

"Na watu wako wamesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika wale arobaini, na aliyeitika kwa nguvu kuliko wote ni Mchopa, msaidizi wake.

Basi ikapigwa mbiu kwamba Sangamba amekufa mpaka alasiri. Akaoshwa kwa maji baridi, akatiwa pamba puani, akavikwa sanda, akalazwa jenezani. Shehe alikataa kumsalia mtu aliye hai, akaenda zake. Watu wakaja, wakaketi, macho makavu kabisa.

"Mbona siwasikii?" akanong'ona Sangamba.

"Nyamaza, bwana, maiti hasemi," akajibu Kondo, na jasho linamtiririka.

Mara Mchopa akasimama. "Maiti hacheleweshwi! Mbebeni!" Wakalibeba jeneza mbio mbio mpaka makaburini, na kumbe kaburi limekwisha kuchimbwa, tena la kwenda chini hasa. Sangamba aliposikia majembe akaketi wima.

"Nishusheni! Mimi ni hai!"

"Lala, bwana," akasema Mchopa, akimsukuma kifua. "Ulikubali ada zote, na kuzikwa ni ada. Tuliapa kukutumikia mpaka kufa, nawe umekufa. Sasa mkubwa ni mimi."

Hapo Kondo akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali. Na ada ya Kitopeni ni hiyo: mtani wa marehemu akilala kaburini hakuna maziko mpaka apewe atakalo, wala hakuna wa kumgusa. Mchopa akasaga meno.

"Sema, wataka nini?"

"Nataka marehemu asizikwe na mali za watu shingoni. Mwenye chake na aseme."

Bikizee mmoja, Bi Mwanatumu, akajongea. "Mlango wangu. Una tundu la paka."

"Mpeni!" akapiga kelele maiti.

"Na mbuzi wangu wawili?"

"Mpeni, na beberu juu!"

Wakajitokeza wengine, na kila akiitika Sangamba alichomoza kichwa sandani, na pamba ikamchomoka puani ikarudishwa na mwosha maiti, ikachomoka tena. Watu wakaangua kicheko, wakashika mbavu, machozi yakawa yanawabubujika. Jumbe alicheka mpaka kilemba kikamwangukia kaburini, na Kondo akakifanya mto.

Wale arobaini walipoona mji umekwisha kukimbilia uani kujitwalia milango, na Mchopa anajiita mkubwa, kila mmoja akasema mkubwa ni yeye. Wakapigana ngumi, wakafukuzana porini, na ilipoadhiniwa alasiri hakubaki hata mmoja.

Sangamba akashuka jenezani peke yake, na sanda yake.

"Kondo, yale yalikuwa machozi ya kicheko."

"Uliagiza ya kweli, bwana. Kuna aliyejilazimisha?"

Sangamba akauliza polepole, "Mbona hukuwaacha wanizike? Nilitaka kukukata shingo."

Kondo akajikung'uta mchanga. "Nikikuzika leo, kesho nitamtania nani?"

Sangamba akalitazama kaburi, akamtazama mtani wake, ndipo akalia, na hayo hayakuwa ya kicheko. Tangu siku ile kazi yake ikawa kumkatia Kondo makuti, maana ndilo Kondo aliloliomba kwa ile ahadi. Na kila asubuhi Kondo humwambia, "Shikamoo, marehemu," naye huitika, "Marahaba."