Nukta Milioni Mia za Sultani

Hapo zamani, zama ambazo masultani walinunua kamera kabla ya kuuliza zinafanyaje kazi, alikuwako mpiga picha fukara jina lake Shekue, ambaye mali yake yote ilikuwa kamera kuukuu na kanzu moja.

Basi Sultani wa mji ule akaletewa kamera mpya yenye nukta milioni mia, zile chembe ndogo zinazojenga picha. Nayo ilikuwa desturi ya jumba lile kila kitu kigeni kipakwe mafuta ya mawaridi, hivyo Waziri akaipaka kamera nzima, na kioo cha lenzi akakipaka mara mbili kwa heshima. Ikawa kila picha yatoka ukungu mtupu, na wapiga picha watatu wakatiwa gerezani.

Akaitwa Shekue. Alipoona lenzi inang'aa mafuta akatambua kosa, lakini alijua fika kuwa amwambiaye Sultani kwamba Waziri wake amekosea, usiku huo hatalala nyumbani kwake.

"Nataka picha ya nukta milioni mia," akasema Sultani. "Ikipungua hata moja, utawafuata wenzio."

"Nimesikia na kutii, Bwana wangu. Haitapungua."

Akapiga kwa kamera ya Sultani, akaleta karatasi. Palikuwa na ukungu, na ndani yake kitu kama kiazi kilichovaa kilemba. Baraza zima likatazama sakafu.

"Ndiye mimi huyu?"

"Sijui, Bwana wangu. Niliamriwa nukta, nazo zimo zote. Waziri na azihesabu, nami nitangoja."

Waziri akaanza. Alipofika elfu mbili akapiga chafya, akapoteza hesabu, akaanza upya. Sultani akachoka.

"Hicho kikamera chako kina ngapi?"

"Milioni sita, Bwana wangu."

"Nipige nacho, tukione kinavyoaibika."

Shekue akapangusa lenzi yake kwa pindo la kanzu, akamsihi Sultani asogee dirishani penye mwanga, akapiga. Ikatoka picha safi, mvi moja moja, hata sisimizi aliyekuwa begani.

"Mbona hizi chache zimeniona, na zile nyingi hazikuniona?"

"Zile nazo zilikuwa zikitazama, Bwana wangu. Zimezibwa macho."

Sultani akapitisha kidole kwenye lenzi ya kamera yake, akakinusa, akamgeukia Waziri. Kisha akacheka hata kilemba kikamwenda upande, akaamuru wale watatu wafunguliwe saa ileile. Shekue akawapiga picha mlangoni pa gereza, juani, wamekunja nyuso, wakilia kwa furaha, na kila chozi likaonekana.