Sultani Aliyeogopa Kusema Naam

Hapo zamani, enzi ambazo watu wa mji wa Kitalifa walikuwa wengi na nyumba zikawa chache, aliishi mshona shogi mmoja jina lake Machano. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko ya ukindu wanayobebeshwa punda, na kwa kuwa wenye punda walikuwa na mkono wa birika, Machano alikuwa fukara. Tena watu walimwona nusu mjinga, kwa sababu neno akiambiwa hulichukua vile vile lilivyo. Akikaribishwa "kaa kidogo," hukaa kwenye ukingo wa kiti.

Alikuwa akiishi na mkewe, Mize, katika chumba kimoja cha tajiri Ghalibu, ambaye nyumba zake zilikuwa nyingi hata mwenyewe akizikagua hupotea njia.

Basi ikawa mwaka mmoja kodi za nyumba zikapanda mpaka watu wakapiga kelele. Wapangaji wakaenda kwa sultani wakalia. Wenye nyumba nao wakaenda wakalia, kwa maana chokaa ilikuwa ghali na boriti hazionekani. Sultani hakupenda kelele za upande wowote. Akafikiri, akatoa sheria aliyoona itawafurahisha wote: "Tangu leo, mwenye nyumba asiongeze kodi hata chembe, ila mpangaji awe ametamka kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi wawili, kwamba ameridhika."

Wapangaji wakashangilia, kwani ni nani atakayeridhika? Wenye nyumba nao wakashangilia, ila wao kimoyomoyo.

Haukupita muda, wenye nyumba wakawa hawatoki ila na mashahidi wawili nyuma yao. Mtu akiulizwa sokoni, "Ndugu, umeridhika na ndizi hizi?" akajibu ameridhika, amekwisha, kodi imepanda. Binti mmoja aliulizwa na kadhi kama ameridhia kuolewa, akaitika kwa haya, kumbe mwenye nyumba amejibanza dirishani na watu wake. Siku hiyo baba wa binti akapata mkwe na kodi mpya. Hata ikawa watu hawaitikiani tena. Ukimwamkia jirani, anakutazama kama mdai.

Naye Ghalibu akawapikia wapangaji wake pilau, wakala mpaka wakaegemea ukuta. Kisha akamwinamia Mize, akamwuliza kwa upole, "Mama, umeshiba? Umeridhika?"

Mize hakuwa ameonja nyama tangu Idi. Akasema, "Nimeridhika, bwana wangu. Mungu akuzidishie."

Ghalibu akawageukia mashahidi wake. "Mmesikia. Ameridhika, na isitoshe ameniombea nizidishiwe."

Kodi ya Machano ikawa mara mbili, na akaambiwa mwezi ukiandama alipe au atoke.

Mize akalia sana. "Ulimi wangu ndio uliotutoa nje, mume wangu."

"Si ulimi wako," Machano akasema. "Ni pilau. Je, lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri," Mize akajibu, akacheka katikati ya machozi.

Sasa Machano alikuwa na shangazi yake, mjane aitwaye Bi Saumu, na huyu sheria ilimuumiza kwa upande wa pili. Mali yake yote ilikuwa nyumba moja kuukuu, na mpangaji wake alikuwa sultani mwenyewe, aliyeifanya banda la farasi wake tangu enzi za marehemu mumewe bibi yule, kwa kodi isiyonunua hata kibaba cha mchele. Mchwa walikuwa wamezila boriti, paa limelegea, na Bi Saumu hana cha kulitengenezea. Kila akienda jumbani kuomba aongezwe, mabawabu humrudisha langoni: "Nenda zako, bibi. Sultani hajaridhika."

Basi Machano akavaa kanzu yake ya pekee, akaenda barazani. Ghalibu naye alikuwapo, amekaa karibu na kiti cha enzi.

"Maulana," Machano akasema, "mke wangu aliridhika na pilau, tukaongezewa kodi. Hiyo ndiyo sheria?"

Sultani akamtazama Ghalibu, ambaye juzi tu alikuwa amemletea zawadi ya zulia, kisha akasema, "Neno ni neno. Sheria haikuuliza mtu ameridhika na nini."

"Na akiwa hakutamka 'nimeridhika,' bali amesema 'naam,' au 'ndiyo,' au 'sawa'?"

Ghalibu akadakia, "Yote ni kuridhika, maulana!"

"Yote ni kuridhika," sultani akakubali.

"Alhamdulillahi," Machano akasema. "Maana nimekuja pia kwa ajili ya shangazi yangu, Bi Saumu, mwenye banda la farasi wako. Naye anataka kodi yake ipande."

Baraza likacheka. Sultani akacheka kupita wote. "Ewe mshona shogi! Mpangaji wa banda lile ni mimi, na mimi si mke wako. Lete mashahidi wako. Ukinisikia nakubali jambo lolote kabla jua la Ijumaa halijazama, nitamlipa shangazi yako kama sheria isemavyo. Usiponisikia, wewe na mkeo mtahama mji huu."

"Nimesikia na nimetii, maulana. Ijumaa ni karibu."

Kwa kicheko kile sultani alisahau kwamba Ijumaa ile ndiyo siku ya ndoa ya binti yake.

Tangu saa ile Machano na wazee wawili wa msikitini wakakaa kwenye kizingiti cha jumba, na sultani akaanza kuulinda ulimi wake. Mpishi akauliza, "Nipakue, maulana?" Sultani akamkodolea macho, na chakula kikapoa. Kinyozi akauliza, "Hapa nipunguze?" Hakupata jibu, akaogopa, akaacha, sultani akatembea na ndevu za upande mmoja. Waziri akaleta habari za mipaka, akarudi nazo. Sultani angeweza kuifuta sheria, lakini alikuwa ameisifu sana mbele ya wageni, akaona haya.

Ijumaa ikafika. Bwana harusi, mtoto wa mfalme wa ng'ambo, akaketi na wazee wake, udi ukafukizwa. Kadhi akamgeukia sultani. "Maulana, umeridhia nimwoze binti yako kwa kijana huyu?"

Sultani akafungua kinywa, akamwona Machano mlangoni amekinga sikio, na wazee wawili pembeni. Akafunga kinywa. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kichwa hakinitoshi," kadhi akasema. "Wageni wametoka mbali, wanataka sauti."

Sultani akatokwa na jasho. Wazee wa ng'ambo wakaanza kunong'onezana, na mmoja akayavuta makubadhi yake karibu. Ndani, nyuma ya pazia, binti akasikika akisema, "Baba, unanikataa?" Sauti yake ilitetemeka, na sultani hakuweza tena.

"Naam!" akapaza sauti. "Naam, nimeridhia!"

"Nauliza mara ya pili," kadhi akasema, kama desturi.

"Naam!"

"Na ya tatu."

"Naam, ewe kadhi, naam!"

Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapasua hewa. Machano akasogea, akabusu mkono wa sultani. "Nakupongeza, maulana, kwa kupata mkwe. Mashahidi wangu wanasema kodi ya shangazi imepanda mara tatu."

Sultani akamtazama kwa hasira. Kisha akajipapasa ndevu zake za upande mmoja, akaangua kicheko hata kilemba kikalegea. "Mjinga amenifundisha sheria yangu mwenyewe," akasema. "Alipwe Bi Saumu, na boriti mpya juu yake. Na kodi zote zilizoongezwa kwa pilau, kwa ndizi na kwa harusi zirudishwe."

"Lakini maulana, neno ni neno!" Ghalibu akalia.

"Je, Ghalibu, umeridhika kurudisha?"

Ghalibu akafumba kinywa.

"Kunyamaza ni kukubali," sultani akasema. "Andikeni."

Ikatolewa sheria nyingine: kodi iongezwe mara moja tu kwa mwaka, kwa kiasi kitakachotajwa waziwazi, wala asiongeze mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja. Mwezi huo Ghalibu alionekana juu ya paa, yeye mwenyewe, kanzu imejaa chokaa. Naye Machano akafanywa mshona shogi wa sultani, akahamia chumba chenye madirisha mawili.

Bi Saumu alipata boriti zake, farasi wakahamishiwa banda jipya la sultani mwenyewe, na nyumba ikapakwa chokaa ikang'aa, akawapangisha wafua shaba wawili. Baada ya miezi michache Machano akaenda kumjulia hali, akamkuta amekaa barazani kwake, amekunja uso.

"Shangazi, kuna nini tena?"

"Wapangaji, mwanangu. Nimewaambia waongeze kidogo, wananiambia mwaka haujaisha." Akavuta kanga yake, akatazama huku na huku, kisha akanong'ona: "Ile sheria ya kwanza, kweli ilikuwa mbaya kiasi hicho?"