Kwa Nini Ukanda wa Hakimu Huloweshwa Kwanza

Zamani, kuta za mji wa Vumbeni zilipokuwa bado zanuka chokaa mbichi, sheria haikuwa na masikio, ilikuwa na ukanda tu. Kukitokea wizi, askari wa Mfalme waliupima wayo wa mwizi kwa ukanda wa ngozi mbichi, wakaukata papo hapo, kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakiulinganisha na miguu ya watu. Mguu uliolingana ndio wenye hatia. Basi.

Ikaibwa siwa ya Mfalme, baragumu lake la enzi, tena siku ya mvua kubwa, na wayo mmoja ukabaki kwenye tope la mlangoni. Siku ya nne, jua likiwaka, askari wakamfikia Somoe, mzazi wa siku ishirini na mbili, ambaye hajavuka kizingiti tangu ajifungue. Hawakupiga hodi. Mkuu wao Mbaruku, pande la mtu, alimshika kifundo akauweka ukanda: kisigino hapa, kidole gumba pale. Sawasawa.

"Mie? Mie niko ndani, baba, arobaini yangu haijatimia, muulizeni mkunga, waulizeni majirani!"

"Mguu hauongopi, mwanangu. Twende."

Mwizi wa siwa hutupwa shimoni, na shimoni mtoto haingii. Hilo tu ndilo lililomzunguka Somoe kichwani njia nzima: mtoto atanyonyeshwa na nani, na nani, mama yake Somoe mwenyewe kafa, mume yuko safarini, na mtoto hajui titi la mwingine. Akambana kifuani hata akamliza.

Barazani, kama ilivyokuwa desturi, alivishwa ukanda ule shingoni ungoje kupimwa tena mbele ya Hakimu Shomvi. Akampandisha mtoto begani ambembeleze. Mtoto akakojoa. Mkojo ukatiririka, ukauroweka ukanda chapachapa, na baraza zima likaangua kicheko.

"Shahidi wa kwanza huyo kashasema!" akapaza sauti mzee mmoja.

Ukanda ukapimwa. Ukampita Somoe vidole vinne.

"Kauvuta huyu!" Mbaruku akafoka.

Somoe akakumbuka mbeleko yake ya ngozi, jinsi inavyolegea ikiloa na kumbana mgongo ikikauka, na maneno yakamtoka mbiombio kabla hofu haijayawahi: "Bwana Hakimu, ngozi ikiloa hurefuka, ikikauka hujikunja, mama yeyote anajua, na siku walipoupima wayo mvua si ilikuwa ikinyesha, sasa wayo ule utakuwaje wa mguu wangu?"

Hakimu akaagiza maji, akauzamisha ukanda, akasema utapimwa kila mguu uliopo hapo, aanze Mbaruku aliyeukata. Mbaruku akarudi nyuma hatua moja. Wenziwe wakamkalisha. Kisigino hapa, kidole gumba pale. Siwa ilikutwa chini ya kitanda chake.

Na tangu siku hiyo, Vumbeni hapasemwi neno la kesi mpaka hakimu auloweshe ukanda mbele ya macho ya watu, na mama mwenye kunyonyesha huketi safu ya kwanza, pasiwe na wa kumwondoa. Lakini askari wakikatiza mtaani, wanawake wa huko hukunja miguu upesi wakaifunika nguo, hata wasio na kosa. Hasa wasio na kosa.