Chura wa Mlangoni kwa Matimbwa

"Kisichotikisika, chura hakioni." Mmeisikia leo kwa mara ya kwanza, mkacheka. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini mmeniuliza ilikotoka, basi tulieni, maana sipendi kukatizwa. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa bondeni, kwenye mashamba ya mpunga yanayofurika kila masika, aliishi mkulima aitwaye Matimbwa na mkewe Kresensia. Hawakujaliwa mtoto. Kresensia akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao, Matimbwa akabaki peke yake.

Zamani zile watu wa hapa walikuwa na desturi kwamba mfiwa hasumbuliwi. Jirani alileta chakula, akakiweka kizingitini kimefunikwa kawa, akakohoa kidogo, akaenda zake. Waliiita heshima. Basi kila siku mlangoni kwa Matimbwa paliwekwa ugali, au wali, na perege wa kuchemsha. Na kila siku waliukuta mlo wa jana umechacha, haukuguswa. Mtu alikonda akabaki mifupa na macho.

"Amekataa kula," wakasema. "Anamfuata mkewe."

Na hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo, wajukuu zangu. Hakuna hata mmoja aliyekivuka kile kizingiti!

Siku ya kumi na mbili akafika dada yake mkubwa, Apolonia, kutoka ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imekatika punde, na kumbikumbi waliotoka ardhini walikuwa wamelowa, wakafa, wakatapakaa mlangoni. Katikati yao, kando ya bakuli la ugali wa moto na mchuzi wa perege, alikaa chura mkubwa wa mabaka, tumbo limemnywea. Apolonia akashangaa kwa nini hali. Mara kumbikumbi mmoja, aliyekuwa bado hai, akatikisa bawa. Chura akageuka, akatoa ulimi, akammeza. Kisha akatulia vilevile, wale waliokufa wamemzunguka, wala hana habari nao.

Apolonia akamtazama chura, akalitazama bakuli. Akalibeba, akaingia nalo ndani.

"Matimbwa, mdogo wangu."

"Dada, sitaki kula."

"Nani kakuambia ule? Mwenye njaa ni mimi, nimetembea tangu alfajiri."

Akaketi mkekani ubavuni kwake, akamega tonge, akachovya mchuzi, akala. Akalalamika kwamba aliyepika kazidisha chumvi. Akamega la pili, akalisogeza mpaka mdomoni kwa mdogo wake. Matimbwa akalitazama lile tonge linavyokuja, akafungua kinywa. Alipolimeza, akalia kwa sauti.

"Nilikuwa naviona vyombo, dada," akasema. "Chakula sikukiona. Tangu Kresensia aondoke, sijaona mkono mwingine kwenye bakuli."

Wakala wote wawili mpaka likaisha. Jioni majirani wakapata habari, wakaja juu.

"Sisi tumemlisha siku kumi na mbili, akatukatalia! Wewe umempa dawa gani?"

Apolonia akawasimulia habari ya chura na wale kumbikumbi. Wakainamisha vichwa, maana kila mmoja alikumbuka alivyokohoa akaondoka.

"Mlimwekea, jamani," akasema. "Hamkumlisha. Kisichotikisika, chura hakioni."